Maji Yakipwa, Lamu Mjini Ni Mbali

Vijana wameniomba niyaandike maneno niliyosema alasiri ile kwenye mkutano wa mipaka ya eneo bunge letu la Lamu Mashariki, uwanja wa shule, hapa kisiwani Pate, kwa sababu kusi ilikuwa inavuma kweli na kipaza sauti kilikuwa kinakatika kila dakika mbili. Nimeyaacha karibu na yalivyotoka mdomoni. Pale nilipokosea tarakimu kwa haraka, nimeiweka sawa.

*

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, bwana chifu, ndugu zangu mliotoka Kizingitini, Tchundwa, Mbwajumwali, Siyu na Pate yenyewe. Na wenzetu wawili waliofika kutoka wadi ya Basuba, karibuni sana. Safari yenu nitairudia baadaye, maana ina maneno yake.

Mimi si mwanasiasa na si wakili. Wengi mliokaa hapa niliwafundisha hesabu za darasa la sita, na wapo ambao mpaka leo wananidai radhi kwa viboko na mimi nawadai kazi ya nyumbani. (Kicheko.) Nilipoombwa nizungumze juu ya mipaka ya eneo bunge nilisema sawa, lakini nileteeni ubao. Nashukuru ubao umeletwa. Chaki ndiyo nimetoka nayo nyumbani.

Kwanza tuondoe uvumi. Wiki hii, tangu gatini mpaka mabarazani, nimesikia hadithi tatu. Moja inasema Lamu Mashariki imeshafutwa, bado kutangazwa tu. Ya pili inasema haiwezi kufutwa maana Katiba inailinda. Ya tatu inasema yote ni njama ya ndugu zetu wa Lamu Magharibi. Hakuna hata moja iliyo kweli, na inayonitia hofu zaidi ni hiyo ya pili, kwa sababu inatulaza.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, imesema maeneo bunge ya Kenya ni 290. Si 289, si 291. Tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, inatakiwa iipitie mipaka hiyo upya baada ya muda usiopungua miaka minane na usiozidi kumi na miwili. Mipaka tuliyo nayo ilitangazwa Machi 2012. Jumlisha kumi na mbili: Machi 2024. Machi hiyo ikaja, ikapita, na tume haina kamishna hata mmoja. Viti vyao vilikaa vitupu tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025. Kazi haikufanywa. Wapo wenzetu waliofurahi, wakasema Mungu ametupisha nayo. Mimi sikufurahi. Jambo likicheleweshwa kwa namna hiyo, siku ya kufanywa hufanywa mbiombio, na mbiombio haijawahi kumfaa mtu anayesafiri kwa boti.

Sasa hiyo kinga mnayoisikia. Ilikuwapo, ni kweli. Katika Jedwali la Sita la Katiba imeandikwa kwamba mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneo bunge lolote lililokuwapo Katiba ilipoanza kutumika. Kwa maneno hayo maeneo bunge 27 yenye watu wachache yaliokoka mwaka 2012. Sisi tulikuwamo. Msidhani tulikuwa Wabajuni peke yetu: Galole ilikuwamo, Wundanyi na Mwatate kule Taita zilikuwamo, Budalangi ya ziwani, hata Othaya alikotoka Rais Kibaki, pamoja na jirani zake Tetu na Mukurweini. Lakini rudini kwenye maneno yenyewe: mapitio ya kwanza. Yameshafanywa. Kinga ile ilikuwa tikiti ya safari moja, na boti ile ilishatia nanga.

Basi tutazame ubao.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchi nzima. Gawa kwa 290. Unapata 164,015, ukikaribisha. Hicho ndicho kipimo: eneo bunge moja liwe na watu karibu na hao. Sisi wa Lamu Mashariki tulihesabiwa 22,258. (Minong'ono.) Subirini, bado. Sheria haikusema lazima mfike kipimo kamili. Inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 30, na kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, asilimia 40. Sisi tujipe hiyo 40. Asilimia 60 ya 164,015 ni 98,409. Hapo ndipo mlango ulipo. Na sisi tuko 22,258. Ili tufike mlangoni tunahitaji watu wengine 76,151, yaani zaidi ya mara tatu ya tulivyo leo.

Kijana mmoja hapa jana aliniambia: mwalimu, si tuongezewe kidogo kutoka Magharibi, tuchukue Hindi au Mkomani, mambo yaishe? Ni wazo zuri, nikampeleka ubaoni. Kaunti yote ya Lamu, Mashariki na Magharibi, kuanzia Ishakani mpaka Witu, ilikuwa na watu 143,920. Tukigawana sawa kwa sawa, kila upande unapata 71,960. Mlango uko 98,409. Hakuna anayeingia. Tena kaunti nzima, tukijikusanya wote, haijazi kipimo cha eneo bunge moja kamili. Kwa hiyo atakayewaambia dawa ni kusogeza mpaka kidogo huku au kule, ama hajashika chaki, ama anatafuta kura zenu za mwaka ujao.

Nimewaonyesha haya mapema kwa makusudi. Nimeona watu wakijiandaa kwenda mbele ya tume na hasira tupu. Kamishna anayo hesabu hii hii kwenye karatasi yake. Ukimpigia kelele tu, atakusikiliza kwa adabu, ataandika "wakazi wanapinga," atafunga faili.

Tena tuwe waadilifu. Kuna watu bara wanaosema: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Wengine wanalisema kwa siasa, lakini wako wanaolisema kwa uchungu wa kweli. Ruiru, kule Kiambu, ilihesabiwa watu zaidi ya 371,000 mwaka huo huo, na ina mbunge mmoja kama sisi. Ukiitia Lamu Mashariki ndani ya Ruiru inaingia mara kumi na sita na bado pana nafasi. Mama wa Ruiru anayepanga foleni ya basari ya mwanawe, akiambiwa fungu la Lamu Mashariki halipitani sana na la kwao, ana haki ya kuuliza. Mwaka 2008 tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi wa 2007, iliulalamikia mpangilio huu wa eneo bunge moja kuwa na watu tele na jingine wachache, na Embakasi ya wakati ule ndiyo iliyokuwa ikitajwa kila mara upande wa kujaa, sisi tukitajwa upande wa pili. Embakasi ikaja kukatwa vipande vitano. Sitaki mtu yeyote kutoka kisiwa hiki asimame akamtukane mama wa Ruiru. Hakutukosea.

Lakini na sisi tuna la kumwambia.

Nairobi ilihesabiwa watu 4,397,073. Ina seneta mmoja. Lamu ina seneta mmoja. Hakuna anayeandamana kusema Lamu imeiba. Kwa nini? Kwa sababu Katiba ile ile ilikubali kwamba kuna mahali pa kuhesabu vichwa na kuna mahali pa kuitazama nchi ilivyokaa. Na katika Kifungu hicho cha 89, kabla ya kufika kwenye hizo asilimia, imetajwa mambo ya kutazamwa wakati wa kuchora mpaka: maumbile ya nchi, miji, maslahi ya pamoja ya jamii, historia yao, uchumi wao, utamaduni wao, na njia za mawasiliano. Mambo yote hayo ukiyaandika kwenye karatasi moja unakuwa umeichora Lamu Mashariki. Shida ni kwamba aliyeandika dari ya asilimia 40 hakuwa akiwaza mahali kama hapa.

Tena kuna swali ambalo sijasikia likiulizwa na mtu: kwa nini tuko wachache?

Nitawaambia ya nyumbani kwangu. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019 karani wa sensa alikuja na kishikwambi chake. Kijana mwenye heshima, nilimfundisha. Akauliza, nani wamelala nyumba hii usiku wa leo? Nikamwambia mimi, mama watoto, na mjukuu. Akabonyeza tatu. Nikamwambia, ngoja, nina watoto wanne. Akasema, mwalimu, wamelala hapa? Hawakulala hapa. Wawili wako Mombasa, mmoja Malindi, mmoja alikuwa Oman akiendesha gari la watu. Akabaki na tatu yake, na kwa utaratibu wa sensa alikuwa sahihi. Lakini nyumba hiyo hiyo pakifanywa hitima huwezi kupata pa kuvulia viatu.

Na si watoto tu kutafuta kazi. Upande wa mama yangu walikuwa watu wa bara, ile pwani ya juu kati ya Mkokoni na Ishakani. Walikuwa na mashamba: mtama, mahindi, ufuta, maembe. Vita vya shifta vilipokuja, 1963 mpaka 1967, walivuka usiku wakaacha chakula shambani. Wengine waliishia visiwani humu, wengine Lamu, wengine wakateremka mpaka Malindi na Mombasa na hawajarudi tena. Marehemu mama mpaka anafariki alikuwa akisema "shamba letu" juu ya mahali ambapo leo ni pori. Vita vikaisha, mpaka wa Somalia haukutulia. Ikaja tena hii ya Al-Shabaab. Operesheni ya usalama ya Linda Boni ilianza Septemba 2015. Wavuvi wakapigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka, na nyinyi mnajua kamba na samaki wa usiku ndio riziki ya Kizingitini. Shule za wadi ya Basuba zikafungwa, watoto wakakaa miaka bila mwalimu. Mzazi mwenye akili angefanya nini? Alihama.

Basi watu wakahamishwa na vita, wakahamishwa na amri, wakahamishwa na ukosefu wa shule, kisha akaja karani akahesabu waliobaki. Na sasa hesabu ya waliobaki ndiyo inayotumika kuamua kama mahali hapa pastahili sauti. Ninyi mnaona sawa? (Sauti: La! La!) Haya ndiyo nataka yasemwe mbele ya tume. Yasemwe kwa utulivu, kwa miaka na kwa majina ya vijiji.

Sasa nije kwenye maji.

Miaka ya nyuma, kabla Mkanda, ule mkondo tunaopitia kwa boti kwenda Lamu, haujachimbwa, ofisi moja ya serikali, sitaitaja, iliitisha kikao cha maoni ya wananchi mjini Lamu. Barua ikaletwa: saa nne asubuhi, fikeni kwa wakati. Tulikuwa watu kumi na moja kutoka kisiwa hiki, na mimi ndiye niliyebeba waraka wetu, umepigwa chapa, umetiwa sahihi za vijiji vitano. Aliyepanga ile saa nne hakutazama mwezi. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Nyote mnajua, siku za bamvua kwetu maji hujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi bahari imekauka hata kaa wanatembea kwa miguu. Tukasema tutoke baada ya swala ya alfajiri, tukimbilie maji. Injini ikatusumbua nusu saa tu pale Mtangawanda. Nusu saa hiyo ndiyo iliyotuua. Tulipoingia Mkanda chombo kikagusa, tukashuka, tukasukuma, tope mpaka mapajani, mama mmoja wa Siyu kashika waraka juu ya kichwa usilowe. Halafu tukakaa. Mikoko kulia, mikoko kushoto, jua utosini, tunangojea maji yarudi.

Tulifika mjini saa tisa unusu. Viti vilikuwa vinapangwa juu ya viti. Bwana mmoja alikuwa anakunja nyaya za kipaza sauti. Akatuambia, kikao kimeisha, waraka uacheni kwenye meza ile. Tukauacha. Miezi baadaye nikaiona ripoti, na humo imeandikwa kwamba wakazi wa visiwani hawakujitokeza.

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee. Nami sikujua mpaka siku ile kwamba mtu anaweza kuwapo, yuko njiani, tope limemfika mapajani, na bado akaandikwa hakuwapo.

Siku hizi Mkanda umechimbwa, tunashukuru, boti zinapita vizuri kuliko zamani. Lakini gati letu la Faza maji yakipwa mnalijua. Na nauli ya boti mnaijua. Leo ukitaka fomu ya basari au una shida na mbunge, unapanda bodaboda au unakwenda kwa miguu kule ofisini, hukumkuta unarudi kesho. Ofisi hiyo ikihamia ng'ambo, "kesho" itakuwa ni mafuta, na nauli, na usiku mmoja wa kulala kwa watu.

Kuhusu ndugu zetu wa Lamu Magharibi, niseme kidogo. Kuna utani wetu wa tangu na tangu, Wapate na Waamu. Mwanzoni mwa karne ya 19 babu zetu, wakishirikiana na Mazrui wa Mombasa, waliteremka Shela kwa majahazi kwenda kuipiga Lamu. Mnajua kilichotokea: walishindwa ufukoni, wakakimbilia vyombo, wakavikuta vimekaa mchangani, maji yamepwa. Sisi na kupwa kwa maji tuna historia ndefu. (Kicheko kirefu.) Lakini ule ni utani. Waamu ni wakwe zetu, na watu wa Mpeketoni, Witu na Hindi nao wana shida zao. Mwaka 2014 Mpeketoni ilizika watu zaidi ya 60. Sitaki mkutano huu ugeuzwe kuwa wa kabila.

Ninachosema ni hesabu tu. Tukiunganishwa kuwa Lamu moja, katika kila watu 100 sisi tutakuwa 15. Mgombea ana shilingi zake za kampeni na siku zake. Watu 85, wengi wao anawafikia kwa gari. Watu 15 wako ng'ambo ya bahari, na wengine wako ndani ya msitu wa Boni. Hata akiwa mtoto wa Faza, mwenye akili ya hesabu atakwenda wapi? Kule hatutachukiwa. Tutasahauliwa tu, kwa upole, na kila mwaka wa tano boti moja itakuja na fulana.

Hapa naomba radhi ya wenye nyumba, kwa sababu nitasema jambo lisilopendeza. Hawa wenzetu wawili wa Basuba wametumia siku nzima kufika hapa. Waboni, au Aweer kama wanavyojiita wenyewe, wamekuwa ndani ya eneo bunge letu miaka yote hii. Tuwaulize: mmewakilishwa? Shule zao zilipofungwa, sisi visiwani tulipiga kelele kiasi gani? Mimi nilipiga kelele kidogo, nakiri, chini ya nilivyopaswa. Tukienda mbele ya tume kusema "tusisahauliwe," huku ndani yetu wapo tuliowasahau, mtu makini atatuuliza swali hilo hilo, na tutababaika. Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba msemaji wa kwanza siku hiyo asitoke Faza wala Kizingitini. Atoke Basuba. (Makofi machache. Wengine walinyamaza, niliwaona.)

Nikirudi ubaoni mara ya mwisho, kuna kitu ambacho sijamsikia mwanasiasa yeyote akikisema, pengine kwa kuwa hakimhusu. Watu wote wanalilia kiti cha ubunge. Wadi je? Nchi ina wadi 1,450. Gawa 47,564,296 kwa 1,450: unapata 32,803. Hicho ndicho kipimo cha wadi, na ile asilimia 40 inatumika hapo pia. Chini kabisa, 19,682. Sasa tazameni. Lamu Mashariki yote, watu 22,258, ina wadi tatu: Faza, Kiunga, Basuba. Kwa hesabu hii tunatosha wadi moja. Moja! Mtoto wa Kiunga mpakani, mvuvi wa Kizingitini na mrina asali wa Mangai, wote mwakilishi wadi mmoja. Msije mkapigania kiti kimoja cha Nairobi, mkageuka nyuma mkakuta viti viwili vya kaunti vimeondoka kimya kimya.

Lakini hapo pia ndipo penye mwanya. Ile namba 290 imo ndani ya Katiba. Ile 1,450 imo kwenye sheria ya serikali za kaunti, sheria ya kawaida, inayobadilishwa na Bunge kwa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo kwenye wadi tunaweza kuuliza jambo linalowezekana mapema zaidi.

Na kwenye ubunge? Nimesema sitawadanganya. Kwa Katiba ilivyo leo, tume hata ikitupenda mikono yake imefungwa. Mwenye ufunguo ni Bunge: thuluthi mbili ya wabunge na thuluthi mbili ya maseneta, kubadilisha Kifungu cha 89. Peke yetu hatuna ubavu huo. Ndiyo maana niliwatajia Wundanyi, Galole, Budalangi, Othaya. Wale tuliokuwa nao kwenye orodha ile ya 27 wanaogopa tunachokiogopa. Kaunti ya Taita Taveta ina maeneo bunge manne na watu 340,671; hesabu yao ni mbaya kama yetu, kwa sababu zao wenyewe. Mbunge wetu aache kutuletea hotuba hapa, hotuba tunazo. Aende akae na hao.

Na akienda asirudie kosa la BBI, ule mpango wa kuibadilisha Katiba. Mle nako kulikuwa na maeneo bunge mapya 70, yamegawanywa kaunti kwa kaunti kwenye jedwali. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, ikalikataa jedwali lile kwa sababu wananchi hawakuulizwa juu yake. Tunataka kitu chepesi kuliko kile, kilichoandikwa mchana kweupe: kwamba mahali panapofikiwa kwa bahari, ambapo watu walihamishwa kwa vita, pasipimwe kwa fimbo ya Ruiru. Maneno ya kisheria wataweka mawakili.

Kama mambo yataharibika, tume ikatangaza mipaka mipya kwenye gazeti rasmi la serikali na sisi hatumo, kuna Mahakama Kuu. Siku 30 tangu kutangazwa, si zaidi, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2012 kesi za namna hii zilifunguliwa zaidi ya 100 nchi nzima. Siku 30 kwa mtu wa Nairobi ni nyingi. Kwetu, ukitoa siku za upepo na siku za kutafuta wakili Mombasa au Malindi, hazifiki 20. Kwa hiyo mawakili watafutwe sasa, kabla ya ugomvi. Vijana wetu waliosoma sheria wako Mombasa, tunawajua kwa majina, na mama zao wako hapa wamekaa. Mama zangu, wapigieni simu leo usiku.

Mwisho ni kazi ya mikono. Kila kijiji kiandike karatasi yake, si waraka mmoja wa kisiwa. Andikeni vitu vinavyopimika. Kutoka kwenu mpaka Lamu mjini ni saa ngapi maji yakijaa, saa ngapi yakipwa, nauli shilingi ngapi, mara ngapi mwezi huu boti haikutoka kwa sababu ya kusi. Nyumba ngapi kijijini zimefungwa na wenyewe wako wapi. Msiandike "tunapinga vikali." Hilo watalijua. Na tume ikipanga tarehe, kabla ya kukubali saa, mtazame mwezi. Ikiwa bamvua, waambieni saa nane mchana au waje wao huku. Wakija huku, waje maji yakiwa kavu, washuke na sisi pale gatini.

Madaftari yako hapa mezani, manne, moja kwa kila upande wa kisiwa na moja la ndugu zetu wa Basuba na Kiunga. Kalamu ni tatu tu na nimezinunua kwa pesa yangu, kwa hivyo zirudi. Boti ya Ndau inaondoka sasa hivi maji yasije yakawaacha. Wa Ndau waandike kwanza.